Uzi: Pampu ya mafuta ya Benz 230E (W123). Pima kwanza, na ukibadilisha badilisha na vyake

Mbukwenyi123:

Wakuu, habari za humu. Hapa Dodoma nimeona zaidi ya mara moja gari zuri la injeksheni ya zamani likivuliwa mfumo wake wote na kufungwa kabureta, na ukifuatilia chanzo unakuta ni pampu ya mafuta tu. Pampu ilichoka, fundi akafunga isiyo yake, gari likagoma, lawama zikaenda kwa mfumo. Inauma, kwa sababu kazi yenyewe inafanyika hata chini ya mwarobaini ukiwa na vifaa vichache na subira. Nimeifanya kwenye gari langu na nimewashikia spana wenzangu kadhaa. Naweka hapa ninachokijua, wenye ujuzi zaidi waongeze.

Nazungumzia Mercedes-Benz za umbo la W123, 230E na 280E. Umbo hilo lilitoka 1976, na 230E ikaja 1980. Wengi tumezoea zile za dizeli, 240D na 300D, ndiyo maana mafundi wengi wa mjini hawana mazoea na hizi za petroli. Wenye 190E nao wasome, mfumo wao ni ndugu wa huu.

Injeksheni yake ni Bosch K-Jetronic, iliyoingia barabarani 1973. Haina kompyuta. Hewa inayovutwa na injini inainua sahani ya chuma, sahani inasukuma pini ndani ya kigawanya mafuta (kile kichwa kizito chenye vibomba vyembamba juu), na mafuta yanakwenda kwenye nozeli (midomo inayopulizia mafuta injini) mfululizo muda wote injini inapozunguka. Hakuna umeme unaofungua nozeli. Kinachoifungua ni presha yenyewe, na haifunguki mpaka presha ipite bar 3. Kwa hiyo mfumo mzima unadai bar 5 na ushee kutoka kwenye pampu, wakati wote, baridi na joto. Linganisha na Toyota nyingi za injeksheni ya umeme tunazoendesha, ambazo zinafanya kazi kwenye bar 2 na nusu hadi 3. Tofauti hii ndiyo imeua magari mengi, nitairudia.

Pampu ikianza kuchoka haifi ghafla. Kwanza inabadilisha sauti. Ile nzima unaisikia kwa mbali ikinguruma taratibu. Iliyochoka inalia kwa sauti nyembamba ambayo abiria wa nyuma anaisikia kabla ya dereva. Halafu gari linaanza kukosa nguvu kwenye mlima, linakohoa ukikanyaga sana, na mwisho linazima likiwa na moto na kugoma kuwaka mpaka lipoe. Wanaotoka Morogoro wanaijua hii: unasimama Kibaigwa kula, unarudi, stata inazungusha vizuri lakini injini haishiki.

Lakini hapo kwenye kugoma likiwa na moto usikimbilie pampu. Dodoma iko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, presha ya hewa iko chini kuliko Dar, na petroli inachemka mapema kidogo. Ongeza joto la Oktoba na Novemba. Ukizima injini, mfumo unatakiwa kubaki na presha ndani ya mabomba ili petroli isigeuke mvuke. Wanaoishikilia presha hiyo ni wawili: valvu ndogo kwenye mdomo wa pampu inayozuia mafuta kurudi nyuma, na akumuleta, kile kikopo cha chuma kilicho jirani na pampu, chenye springi na kiwambo ndani. Mmoja wao akivuja, gari litagoma likiwa na moto hata kama pampu ni mpya kabisa. Na ile valvu kwenye pampu nyingi za aina hii inafunguka na kubadilishwa peke yake.

Ndiyo maana nasema pima.

Anza na umeme. Fyuzi za W123 ni zile za zamani zenye ncha mbili zilizochongoka na utepe wa chuma juu. Zinapata kutu jeupe kwenye ncha, unaiona fyuzi nzima lakini umeme unapita kwa shida. Zizungushe kwa kidole, au badilisha kabisa uweke zenye utepe wa shaba. Kisha tafuta relei ya pampu (swichi ya umeme inayoiwasha na kuikata pampu), ing'oe, na kwenye soketi yake uunganishe tundu namba 30 na namba 87 kwa kipande cha waya chenye fyuzi katikati. 30 ni umeme wa moja kwa moja wa betri, 87 ndiyo inayokwenda kwenye pampu. Pampu inatakiwa izunguke papo hapo. Ikizunguka, nenda chini ya gari na mita, pima volti kwenye nati zake mbili. Betri ikiwa na 12 na nusu halafu pampu inapata chini ya 11, ugonjwa uko njiani, kwenye fyuzi, soketi au waya wa bodi. Pampu mpya hapo itakuwa na njaa ileile ya zamani.

Baada ya umeme, pima wingi. Fungua bomba la kurudisha mafuta kule mbele kwenye injini, lielekeze kwenye chombo safi cha chuma, endesha pampu. Lita moja itoke ndani ya sekunde 40 au pungufu. Ikichukua dakika nzima, usihukumu bado: kunaweza kuwa na filta iliyoziba au chujio la ndani ya tangi lililojaa uchafu. Pampu haiwezi kusukuma ambacho haikuvuta.

Mwisho ni presha kwa geji. Hapa mafundi wengi wanaruka kwa sababu geji ya mfumo huu ina valvu na viungo vyake, haipatikani kila gereji. Ukiweza kuazima, azima. Isome pampu ikizunguka, halafu zima uendelee kuitazama sindano. Ikishuka hadi chini kidogo ya ile presha ya kufungua nozeli na kutulia hapo, akumuleta na valvu ni wazima. Ikianguka moja kwa moja hadi sifuri, umeshampata mgonjwa wa kugoma na joto.

Sasa kazi yenyewe, kwa waliopima wakathibitisha kwamba pampu imechoka.

Fanya asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha. Usiku uliotangulia pulizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye nati zote za pale chini. Tangi liwe na mafuta kidogo. Fungua kifuniko cha tangi mvuke utoke, toa kichwa cha betri. Jeki peke yake haitoshi, weka stendi, na kabari kwenye magurudumu ya mbele. Kizimamoto kiwe karibu, na ndoo ya mchanga. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini, kwa hiyo shimo la gereji ni mahali pabaya kuliko pote pa kufanyia kazi hii. Uwanja wa wazi ni salama zaidi, mradi asiwepo mama lishe na jiko lake upande unakoelekea upepo. Taa ya balbu ya kuning'iniza isiingie chini ya gari; tumia tochi ya kawaida.

Pampu, akumuleta na filta vimekaa pamoja chini ya gari nyuma upande wa kulia, mbele ya ekseli, nyuma ya kifuniko. Kuna mpira mnene unaotoka tangini kuingia kwenye pampu. Ubane kwa kibanio karibu na tangi kabla ya kufungua chochote. Kama gari lina mpira wake wa kwanza, utakuta una nyufa, na ukibanwa unaweza kupasuka palepale, hivyo uwe na mpya mkononi, wa mafuta, si wa maji.

Upande wa kutokea bado kuna presha. Zungushia kitambaa, legeza robo mzunguko, subiri ipumue. Tumia spana mbili kila wakati, moja inashika mwili wa pampu na nyingine inazungusha, la sivyo unapinda bomba ambalo kulipata ni kazi nyingine. Kila kiungo kina washa mbili za shaba, moja kila upande. Zote mpya. Najua kuna wanaozichoma moto zilainike wazirudie. Kwenye bar 5, juu ya bomba la moshi, mimi siwezi kumshauri mtu hivyo.

Pampu imefungwa kwenye kishikio chake ikiwa na ganda la plastiki au mpira katikati. Lirudishe, usilitupe. Mwili wa pampu na filta ukigusana na chuma cha kishikio, unyevu ukiingia, alumini inaliwa mpaka inatoboka. Waya: kuna alama ya + na –, zifuate. Ukigeuza, pampu itazunguka kinyumenyume na haitasukuma kitu.

Sasa sehemu ambayo ningependa kila mtu aisome mara mbili. Usifunge pampu mpya kwenye tangi chafu. Chini ya tangi kuna chujio linalofunguliwa kwa ufunguo mkubwa kuliko spana za kawaida. Lifungue ulisafishe au ubadilishe. Filta mpya ni lazima. Na ile ya zamani usiitupe kabla hujaimwaga upande wa kuingilia kwenye sahani nyeupe. Utaona unga mwekundu wa kutu unaoteleza kati ya vidole, chembe nyeusi za mpira uliooza, na mara nyingine matone ya maji yaliyojikusanya chini ya petroli, yanayotetemeka ukiinamisha sahani. Hiyo ndiyo historia ya tangi lako. Ndani ya pampu kuna roli ndogo za chuma zinazosuguana na ukuta kwa nafasi finyu sana, na kinachozilainisha na kuzipoza ni petroli yenyewe inayopita. Zikipitisha kutu, zinakwaruzika. Zikizunguka kavu, zinaungua.

Kwa hiyo ukimaliza kufunga, mimina mafuta ya kutosha tangini kwanza, lita 15 au zaidi, ondoa kibanio, acha yashuke yenyewe. Ndipo urudishe kichwa cha betri na kuunganisha tena 30 na 87. Sauti itaanza kwa kukwaruza kidogo hewa ikitoka, halafu itatulia. Ukiwa bado chini, pitisha karatasi kavu kwenye kila kiungo. Ikilowa hata nukta, zima, kaza upya.

Naomba kuwasilisha. Maswali karibu.

Nkuhungu Boy:

Mkuu chukua maua yako. Mimi fundi kanifungia pampu ya Toyota ya mtumba, ile ya ndani ya tangi, kaiweka nje chini ya gari na mipira na klipu. Asubuhi inawaka freshi. Ikipata moto ukipanda mlima inakohoa, ukikazana inazima. Anasema nozeli zimekufa, ninunue zote nne. Ninunue?

Mbukwenyi123:

@Nkuhungu Boy usinunue nozeli mkuu, bado hakuna aliyezipima. Ile pampu ilitengenezwa kwa mfumo wa bar 3. Ukiilazimisha kusukuma bar 5, inaweza kuonyesha presha inapanda ukiizungusha injini ikiwa imezimwa au injini ikizunguka bila kukanyagwa, lakini wingi wa mafuta unaporomoka. Injini ikiwa haina mzigo inatosheka. Ukikanyaga, inadai zaidi ya kinachofika, presha inashuka karibu na ile ya kufungua nozeli, nozeli zinaacha kupulizia na kuanza kudondosha. Ndiyo hicho kikohozi chako. Fanya kipimo cha lita moja ukiwa na saa mkononi, utajua mwenyewe.

Kingine, pampu hiyo imezoea kuogelea ndani ya petroli inayoipoza pande zote. Nje kwenye lami ya saa nane mchana haina kinga.

Na kinachonitia hofu kuliko vyote ni mipira na klipu upande wa presha. Hapo panatakiwa bomba lenye viungo vya kukaza kwa nati. Mpira ukichomoka, petroli inapulizwa kwenye sailensa yenye moto. Naomba usitoke na hilo gari nje ya mji mpaka libadilishwe.

Fundi Umeme Kizota:

Naunga mkono, na naongeza upande wangu. Gari hizi nyingi zikifika kwangu pampu iko sawa, relei ndiyo imekufa. Ukifungua kava la relei utaona lehemu imepasuka, kajimduara kembamba kanazunguka mguu mmojawapo. Asubuhi ikiwa baridi inagusa, ikipata joto inaachana, gari inazima, ikipoa inawaka tena. Dalili zinafanana kabisa na pampu iliyochoka. Nikishachomea upya, mteja anaondoka na pampu yake ileile.

Ila wengine wakiikuta relei mbovu wanaikwepa kabisa, wanavuta waya kutoka kwenye swichi moja kwa moja hadi pampu. Gari inatembea, mteja anafurahi. Hii kitu naipinga kwa nguvu zote. Kazi ya relei si kuwasha pampu tu. Inasikiliza mapigo ya koili. Injini ikisimama, mapigo yakikatika, inakata pampu. Ukipata ajali bomba likapasuka, injini imezima lakini swichi iko wazi, pampu uliyoiunganisha moja kwa moja itaendelea kumwaga petroli mpaka mtu azime swichi. Na dereva anaweza asiwe na uwezo wa kuzima.

Mbukwenyi123:

@Fundi Umeme Kizota umesema jambo ambalo ningepaswa kulipa nafasi kubwa zaidi kule juu. Wakuu, kama gari lako la injeksheni pampu inaendelea kulia dakika nzima baada ya kufungua swichi bila kupiga stata, kuna mtu aliikwepa relei. Kwenye nyingi inatakiwa ilie kama sekunde moja hivi na kunyamaza. Lipeleke kwa fundi umeme wiki hii.

Kondoa Irangi:

Kwa heshima zote mkuu, mimi nilichoka na hizo presha. Nikaweka kabureta, natoka Kondoa mpaka Babati na kurudi, sina shida. Spea za injeksheni ziko wapi huku kwetu? Mtu anataka gari itembee.

Mbukwenyi123:

@Kondoa Irangi nakuelewa kaka, na gari lako linalotembea ni bora kuliko langu likiwa limesimama. Siwezi kubishana na mtu anayefika Babati.

Ninachokiona ni kwamba uamuzi huo unafanywa mapema mno, kabla ya mtu kupima volti wala lita moja. K-Jetronic ikiwa na presha yake haihitaji kuguswaguswa. Kabureta ya kuokoteza kwenye injini hii mara nyingi ina mchanganyiko usio sahihi, inakula mafuta, na inataka pampu ya presha ndogo sana, sehemu ndogo tu ya bar moja. Mwenye gari anaanza safari mpya ya marekebisho akidhani amemaliza.

Ombi langu moja tu kwa waliobadilisha: msiuze kigawanya mafuta na nozeli kwa wauza vyuma chakavu. Paka mafuta mepesi, ziba matundu, hifadhi pakavu. Mwanao au mnunuzi wako anaweza kutaka kulirudisha gari lilivyokuwa, na kile kichwa kikipata kutu ndani ni vigumu sana kukifufua.

Dada wa Singida:

Shikamooni kwa wakubwa, wengine habari zenu. Kaka mtoa uzi, mimi nina Volvo 240 aliyoniachia baba, nayo imeandikwa K-Jetronic. Shida yake ni ya ajabu. Tangi likijaa inakwenda vizuri kabisa. Likishuka chini ya nusu, hasa mchana, chini ya gari panaanza kulia kwa sauti kali na inakata kata. Nikiongeza mafuta inatulia. Nimebadilisha pampu ya chini mara mbili na shida inarudi ileile. Nifanyeje?

Mbukwenyi123:

Dada, pole, na asante kwa kueleza vizuri, umeshajijibu nusu. Volvo 240 ina pampu mbili. Ile ya chini uliyobadilisha ndiyo kubwa ya presha. Nyingine ni ndogo, iko ndani ya tangi, na kazi yake ni kuisogezea kubwa mafuta. Ndogo ikifa, kubwa inalazimika kuvuta yenyewe. Tangi likijaa uzito wa mafuta unasaidia. Likipungua na kupata joto, inavuta mvuke, ndiyo kelele hizo. Na ikiendelea hivyo inakufa mapema, ndiyo maana unabadilisha na kubadilisha.

Mwambie fundi afungue kule juu ya tangi, kwenye sakafu ya buti, atoe kile kifaa chenye boya la geji. Pampu ndogo iko mwisho wake. Akague na kipande cha mpira kinachoiunganisha humo ndani. Mara nyingi mpira huo ndio umepasuka na pampu yenyewe bado inazunguka, inarudisha mafuta tangini palepale. Mpira wa kubadilisha uwe wa kuzamishwa ndani ya petroli, kwa sababu wa kawaida unahimili mafuta kwa ndani tu, kwa nje unalainika na kuoza. Kwa sasa usiruhusu tangi lishuke chini ya nusu.

Mtumba Kazini:

Wakuu, pampu yenyewe inapatikana wapi na nitajuaje si feki? Halafu hii ya uchafu, si sheli zinatuuzia mafuta mabaya?

Mbukwenyi123:

@Mtumba Kazini kwa Dodoma mara nyingi utaambiwa iagizwe Dar, Kariakoo na Gerezani, ije kwa basi. Usiagize kwa jina la gari tu. Jilaze chini ya gari, safisha mwili wa pampu kwa brashi, soma namba iliyogongwa. Za Bosch za aina hii zinaanza na 0 580 254 na kufuatiwa na tarakimu tatu. Piga picha, itume hiyo. Watu wamepokea pampu ya 190E kwa gari la W123, zikafanana kwa umbo, viungo vikakataa.

Ikifika, ishike. Midomo yote miwili iwe na vizibo vya plastiki, maana pampu iliyosafiri wazi imeshakula vumbi. Maandishi yawe yamegongwa kwenye chuma, si karatasi iliyobandikwa. Uliza kama ina valvu yake ya kuzuia kurudi au inauzwa kando. Ya mtumba siipendekezi kwa kazi hii. Huwezi kuona hali ya roli ndani, na imekaa rafu mwaka mzima ikiwa kavu.

Kuhusu sheli, tuwe waangalifu. Vipo visa vya mafuta machafu, lakini gari la miaka 40 linajitengenezea uchafu lenyewe. Tangi la bati likikaa robo tupu msimu mzima, ukuta wa juu unapata unyevu na kutu, kutu inadondoka. Udanganyifu wa kuchanganya petroli na mafuta ya taa ulipigwa vita kwa kuweka alama maalumu kwenye mafuta kuanzia 2010. Ukiwa na ushahidi, yaani risiti na sampuli kwenye chupa safi ya kioo, EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) makao yake ni hapahapa Dodoma, peleka malalamiko. Bila sampuli ni maneno matupu, na unaweza kumchafulia mtu biashara bure.

Kibaigwa Mahindi:

Mimi yangu 280E haisemi kabisa. Nikilala chini nikaigonga pampu taratibu na mpini wa nyundo, inaamka, natembea siku mbili tatu, inalala tena. Relei na fyuzi nimeshabadilisha. Umeme unafika, nimeupima, 12.3.

Mbukwenyi123:

@Kibaigwa Mahindi hongera kwa kupima, hiyo ndiyo njia. Umeme unafika na pampu haizunguki mpaka igongwe, basi ni mota yenyewe. Brashi za kaboni zimeisha au roli zimenata. Hizi hazifunguliwi kutengenezwa, zimefungwa moja kwa moja kiwandani. Kugonga kunakufikisha nyumbani, si Morogoro. Agiza sasa hivi kabla mvua hazijaanza, na ukague chujio la tangi siku hiyohiyo, kwa sababu kitu fulani ndicho kimezinatisha.

Nkuhungu Boy:

Mrejesho wakuu. Nimepima kama mtoa uzi alivyosema, nikiwa na saa ya simu mbali kidogo na gari. Lita moja imechukua dakika na nusu! Nimetoa ile ya Toyota, nimefunga yake mpya pamoja na filta, washa na mpira wa kunyonyea. Chujio la tangi lilikuwa limefunikwa tope jekundu, robo tatu imeziba. Gari sasa linapanda vizuri, nimetoka nalo mpaka Mtera, halijakohoa. Nozeli ni zilezile. Ila kitu kimoja kimebaki: nikizima likiwa na moto, nikikaa kama dakika ishirini, linachukua stata ndefu kabla ya kushika. Likipoa kabisa linawaka mara moja.

Mbukwenyi123:

Safi sana mkuu, na dakika na nusu inaeleza kila kitu. Hiyo stata ndefu sasa ni presha inayoponyoka baada ya kuzima. Pampu yako ni mpya na valvu yake mpya, kwa hiyo mshukiwa wa kwanza ni akumuleta. Ina kibomba chembamba upande wa nyuma kinachorudi kwenye njia ya kunyonyea. Bana mpira wa kunyonyea, kichomoe kibomba hicho upande wa akumuleta na uzibe ncha yake, ondoa kibanio, endesha pampu kwa kuunganisha 30 na 87, tazama tundu la akumuleta ulipokichomoa. Pakiwa pakavu, kiwambo ni kizima, tutahamia kwenye nozeli na vali ya kuwashia baridi. Petroli ikitoka hapo, kiwambo kimepasuka, badilisha akumuleta. Washa mpya tena za shaba, zile ulizofunga juzi usizirudie.